Mama Rudia na Joto la Fimbo ya Pembeni

Jina la kwenye kitambulisho alikuwa nalo kama watu wote, ila pale kazini lilishasahaulika zamani. Walimwita Mama Rudia, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Ukimpelekea hesabu iliyokosewa, anakwambia rudia. Sawa, hiyo hata mimi ningesema. Lakini ukimpelekea hesabu iliyotoka safi, jibu limekaa palepale lilipotakiwa kukaa, huyo mama anavua miwani, anakutazama kwa huruma, kisha anakwambia kwa upole uleule: rudia. Wafanyakazi wapya walitoka chumbani kwake wamevimba mashavu. Wakishazoea, wakawa wanarudia kabla hawajaambiwa.

Kazi yake kuielezea ilikuwa shughuli. Watu wakisikia neno nyuklia wanasogeza kiti nyuma. Jirani yake mmoja, mama wa maneno mengi, aliwahi kumuuliza kama kweli ni salama kuazima sufuria nyumbani kwake. Mama Rudia alicheka mpaka akashika ukuta. Kinu cha nyuklia chenyewe alikiona kwa macho yake mara moja tu maishani, tena kwa mbali, kavalishwa kofia ngumu iliyomfunika mpaka nyusi. Anachokishika kila siku ni kibodi, pamoja na kikombe cha chai ambacho lazima kipoe, kwa sababu lazima akisahau.

Kazi yenyewe ni hivi. Ndani ya kinu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna fimbo nyembamba za fueli, nyingi, zimesimama wima, na maji yanapita katikati yake yakichukua joto. Huwezi kuingia mle ukauliza mambo yanaendaje. Kwa hiyo wataalamu huandika programu ya kompyuta inayoigiza kiini hicho. Ukiiambia pampu imezimika, inakwambia maji yatapungua vipi, fimbo zitapanda joto kiasi gani, na ipi itaanza kuharibika. Vizuri. Lakini nani kasema programu inasema kweli? Kompyuta haina haya. Itakupa jibu la uongo kwa uso mkavu uleule inaokupa jibu la kweli. Hapo ndipo Mama Rudia anapoingia. Wenzake wanaandika programu, yeye anaisumbua. Anaitega, anaibana, anaipa maswali ya kipuuzi aone kama nayo itajibu kipuuzi. Siku anayoikamata inadanganya anarudi nyumbani anaimba, na mumewe akisikia wimbo getini anajua leo kuna mtu kaumbuliwa.

Huyo mume alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa utani. Alipenda kuwaambia wageni kwamba mke wangu anapasha, mimi napoza, ndiyo maana nyumba hii hali yake ya hewa ni nzuri. Kaisema hiyo mara nyingi kiasi kwamba mtoto wao wa pekee, binti aliyekuwa akifanya kazi duka la dawa, alikuwa anaimalizia yeye huku akikunja sura. Nyumba ilikuwa ndogo na imejaa: majokofu ya watu yanayosubiri gesi yamepangwa ukumbini, vitabu vya mama vimepangwa juu ya majokofu. Waliishi vizuri. Mama Rudia hakuwa mtu wa kulalamika, na hakuwa na cha kulalamikia, isipokuwa kitu kimoja alichokuwa akikitaka mpaka anakiota.

Alikuwa anautaka mtihani wa kufumba macho.

Huu ndio mtihani mkubwa kuliko yote katika kazi ile, nao ni nadra, maana kuuandaa si mchezo. Upande mmoja kuna maabara ya vipimo. Pale wamejenga bomba zito, ndani yake wamesimamisha fimbo kama za kinu, ila hizi hazina fueli, zinapashwa kwa umeme. Wanazima pampu ghafla, wanapima kila kinachotokea, kisha majibu wanayafungia. Upande wa pili kuna timu ya hesabu, nayo inaambiwa tu kwamba fimbo ni hizi, maji ni haya, pampu imezimwa, haya tuambieni nini kimetokea. Timu inaendesha programu yake, inatuma jibu, halafu siku ya kufungua majibu ya pande mbili yanawekwa ukutani bega kwa bega, watu wote wanaona nani ni nani.

Kufumbana macho kote huku ni kwa sababu ya nini? Ya binadamu. Mtu akishajua jibu, mkono wake unavutwa. Atalegeza kidogo hapa, atakaza kidogo pale, wala si kwa nia mbaya, mpaka programu iseme anachotaka kusikia. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja, na kila mtu aliijua: aliyeona vipimo hakokotoi, na anayekokotoa haoni vipimo.

Maabara ile iliahidi mtihani, ikaahirisha, ikaahidi tena, na Mama Rudia akazidi kuota mvi akisubiri. Kustaafu kulikuwa kunabisha hodi. Hatimaye taarifa ikaja kwamba vipimo vimekamilika, timu ya hesabu ijiandae, na mkuu wa kitengo akamteua yeye kuongoza, ashike hesabu mwanzo mpaka mwisho na jibu litoke na saini yake. Programu ikifaulu, mkaguzi wa serikali ataikubali itumike kwenye kinu halisi. Yeye mwenyewe atakuwa amefunga kazi yake kwa kitu anachoweza kukionyesha. Mtihani mwingine wa namna hiyo katika utumishi wake hautakuwepo, alilijua hilo wazi.

Wiki hiyohiyo binti akatangaza kwamba Jumapili ataleta mgeni.

Mgeni gani, wazazi walijua bila kuuliza. Walishaambiwa kwamba kuna kijana, fundi umeme, mtulivu, anatoka kwenye familia ya watu wa kawaida, na kwamba wawili hawa wanataka kufunga ndoa kabla mwaka haujaisha. Kijana naye, kwa upande wake, alikuwa ameambiwa kwamba baba anatengeneza majokofu, mama anafanya kazi ya kompyuta ofisini. Binti aliona hayo yanatosha. Kazi ya mama yake alishachoka kuwaeleza watu tangu shule ya msingi, na kazi ya mchumba hakuwahi kuichimba, fundi umeme ni fundi umeme.

Kijana akaja, shati limenyooshwa, kola imefungwa mpaka juu, jasho linamtiririka. Alikuwa na adabu kupita kiasi, adabu ya mtu anayeogopa kuvunja glasi. Alijibu kila swali kwa ndiyo baba, hapana mama, halafu kimya kinatanda, vijiko vinasikika. Mama Rudia alimwonea huruma. Alikuwa ameoka kuku, akainuka kwenda jikoni kufuata bakuli la saladi, akimwachia mumewe kazi ya kumchangamsha mgeni.

Mume akamuuliza kuhusu kazi. Masikini kijana, kumbe hapo ndipo ulimi wake ulipokuwa umefungiwa. Uso ukamng'aa. Akaanza kusimulia kwamba yeye kazi yake ni kuunga vipimajoto, nyaya nyembamba hizi, baba, nyembamba kuliko uzi, na kwamba juzijuzi walikuwa na zoezi kubwa, pampu ikazimwa makusudi, watu wote wamesimama nyuma ya kioo wamebana pumzi.

Mama Rudia alisikia neno pampu akiwa mlangoni na bakuli mkononi. Akaja mbiombio, akamkatiza kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, aongeze saladi. Kijana akashukuru, akajipakulia saladi kwa heshima zote, akaendelea palepale alipoachia.

"Nilidhani waya wangu utaungua, baba. Fimbo ya pembeni ilipanda mpaka nyuzi mia sita na arobaini."

Ikawa imeshatoka. Mama Rudia aliweka bakuli mezani taratibu, akakaa, akauliza maabara hiyo iko wapi. Kijana akamtajia. Ni ileile, ingekuwa nyingine ningekuwa nasimulia hadithi nyingine.

"Hiyo namba," Mama Rudia alisema, "mimi ndiye niliyeteuliwa kuikokotoa. Kesho kutwa ndiyo tunaanza."

Kijana kwanza alitabasamu, akidhani ni utani wa nyumba hii. Kisha akamtazama binti, akamtazama baba, na uma ukabaki hewani. Pale kazini kwao waliambiwa wazi wasiseme namba kwa mtu yeyote. Yeye aliona mtu yeyote maana yake ni watu wa hesabu, si fundi wa majokofu anayekula kuku siku ya Jumapili. Mdomo umemponza mbele ya wakwe, siku ya kwanza, na kuku hajaisha.

Binti ndiye aliyelipuka. Akasema mbona jambo lenyewe dogo, waliosikia ni wao wanne na huyo kuku, naye keshaokwa. Mama asahau tu. Kwani nani atajua? Akisema, kijana atafukuzwa kazi, na huyu mtu hana ubaya wowote, kosa lake ni kutaka kupendwa na mama mkwe. Alisema mengi, na machozi yakaanza kumlengalenga. Mama Rudia akainuka. Akakusanya sahani, akaenda kuziosha.

Hapo kwenye sinki ndipo mambo yalipoamuliwa, na nitawaambia yalivyoamuliwa, kwa sababu yeye mwenyewe alinieleza akiwa hana cha kuficha. Alikuwa anajitetea moyoni. Alijiambia kwamba namba ni namba tu, mimi nitakokotoa kwa haki kama ninavyokokotoa siku zote, nani mwenye mkono mnyoofu kuliko mimi. Akasuuza sahani, akachukua nyingine. Na huku akisugua, akajikuta anafikiria: kwenye pembe maji hupita kwa shida, kwa hiyo nikiibana njia ya maji pale pembeni kidogo tu, joto litapanda, litafika mia sita na ishirini, nikibana tena kidogo...

Akaacha kusugua. Chakula bado hakijashuka tumboni, na tayari mkono wake umeshaanza kuvutwa. Aliogopa, hivyo tu. Maisha yake yote amewatilia shaka watu wengine, leo amejikamata mwenyewe akiwa na sabuni mpaka kwenye viwiko.

Mumewe akaja na kitambaa, akasimama kando yake, akaanza kukausha sahani. Watu hawa walikuwa wameoana siku nyingi, hawakuhitaji hotuba.

"Binti yako atanuna," mume alisema.

"Atanuna."

"Na mtihani wako?"

"Umeshaondoka, baba watoto. Umeondoka na ile saladi."

Akalia kidogo. Si kilio cha kuita majirani, ni machozi ya mtu aliyeona basi lake likiondoka akiwa barabarani upande wa pili. Mume akamwachia kitambaa. Kisha Mama Rudia akajikaza, akarudi mezani, akamwambia kijana hatamzungusha. Kesho asubuhi ataingia kwa mkuu wake na kusema kwamba jibu analijua. Ataulizwa amelipata wapi, na kudanganya hatadanganya.

Kijana alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mikono magotini. Binti akafungua mdomo, kijana akamgusa mkono anyamaze.

"Usinitaje, mama," alisema. "Nitajitaja mwenyewe. Nakuomba tu unipe asubuhi ya kesho nifike kwa bosi wangu kabla wewe hujafika kwa wako."

Mama Rudia akamkubalia. Alipomsindikiza mlangoni alimpa kuku aliyebaki, kamfungia vizuri kwenye bakuli lenye mfuniko, na katika nyumba ile bakuli la mfuniko hakupewa kila mtu.

Kesho yake kijana alikuwa kwenye geti la maabara yao kabla mlinzi hajafungua. Akamweleza bosi wake yote, mpaka saladi. Bosi alifoka, akatoa onyo la maandishi, akamwondoa kwenye vipimo na kumpeleka stoo kuhesabu bolti na nati mpaka atakapoamua vinginevyo. Kufukuzwa hakufukuzwa. Mtu aliyejipeleka mwenyewe ni vigumu kumfukuza, unabaki unamtazama tu.

Mama Rudia naye akaingia kwa mkuu wa kitengo, akasema. Mkuu alishika kichwa. Akamuuliza kama namba hiyo amemwambia mtu hapa ofisini, akajibu hapana. Mkuu akasema basi wewe toka, na huko nje usiongee na yeyote kuhusu mtihani huu, hata kama unaota. Akaandika jina la mwingine kwenye nafasi yake.

Huyo mwingine alikuwa Bwana Yatosha. Chumba chake kilikabiliana na cha Mama Rudia, milango ikiangaliana, na kwa miaka mingi walikuwa marafiki wa kuchokozana. Tofauti yao ni moja: yeye jibu likikaribia ukweli anasema yatosha, anafunga kompyuta, anakwenda nyumbani kwa watoto. Hakuwa mvivu, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu mwenye amani. Alipokabidhiwa mtihani alikuja mbio kumpa pole dada yake, maana ndivyo alivyomwita, na akaapa kwamba atafanya kila kitu kama ambavyo dada angefanya.

Na alifanya. Hapo ndipo taabu ya Mama Rudia ilipoanza hasa, maana kumbe kuutoa mtihani mkononi ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa uso. Uso wa mama huyu haukuwahi kuficha kitu. Akipita mtu mwenye makosa, nyusi zinapanda zenyewe. Sasa ikambidi apite koridoni ameinamisha kichwa, anakunywa chai peke yake, na wenzake wakicheka jambo fulani kuhusu mtihani anajifanya anatafuta kalamu.

Mchana mmoja alikuwa anarudi kutoka kuosha kikombe chake. Mlango wa Bwana Yatosha ulikuwa wazi, na kioo cha kompyuta kimegeukia koridoni. Hakukusudia kutazama. Lakini mchoro wa fimbo ya pembeni ulikuwa pale, mstari mwekundu unapanda, unapanda, unafika juu kidogo ya mia tano na tisini, unainama, unashuka.

Karibu nyuzi hamsini zimepungua. Si kidogo hiyo. Kwenye kinu halisi nyuzi hamsini unazoamini hazipo, na kumbe zipo, ni jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Bwana Yatosha akageuka, akamwona. Alikuwa amekonda kwa wasiwasi, safari hii hata yeye hakuwa na uhakika kama inatosha.

"Dada," alisema, "namba sikuulizi. Niambie kitu kimoja tu. Nirudie?"

Jamani. Neno lile ndilo jina lake. Amelisema kwa watu wote, kwa majibu mabaya na mazuri, hakuna siku aliyowahi kulibania. Na sasa, akisema rudia, huyu ataelewa kwamba jibu halijafika. Akisema usirudie, ataelewa limefika. Akinyamaza, Mama Rudia anyamaze, mtu mwenye akili timamu ataelewa nini? Alisimama mlangoni na kikombe chake, maji yanamdondokea viatuni, na mbele yake kuna rafiki yake anakwenda kuaibika na programu aliyoilea yeye mwenyewe inakwenda kuaibika pamoja naye. Kukohoa tu kungetosha kuwaokoa wote wawili.

"Kamuulize mkuu," alisema, akaondoka.

Hakuishia chumbani kwake. Alipitiliza moja kwa moja mpaka kwa mkuu, akaomba likizo yake yote, ianze saa ileile. Mkuu akataka kujua kuna nini. Mama Rudia akamwambia hakuna kitu, ni uso wake tu, anaomba aupeleke nyumbani.

Nyumbani kukawa na msiba bila maiti. Mtu aliyezoea kuchokonoa makosa ukimfungia ndani atayatafuta popote. Alimpangia mumewe bisibisi kwa urefu, mume akawa hazioni tena. Alihakiki jokofu la mteja ambalo lilishapona, likaharibika. Binti alinuna kweli, anaingia na kutoka kwa salamu fupi. Lakini kijana wake alikuwa akimpigia simu kila jioni kutoka kwao, na hakumsema vibaya mama hata siku moja. Alimwambia stoo si pabaya, na kwamba tangu aseme ukweli analala vizuri. Taratibu kununa kukamwishia binti, maana ni vigumu kununa kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe hajanuna. Siku moja akaja jikoni, akamkumbatia mama yake kwa nyuma bila neno, akamnyang'anya kisu, akakata vitunguu.

Siku ya kufungua ikafika. Mama Rudia aliruhusiwa kuhudhuria, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Watu wa maabara upande mmoja, watu wa hesabu upande mwingine, na mbele kabisa mkaguzi wa serikali, mzee mwembamba aliyesifika kwa kutocheka. Bwana Yatosha alisimama kando ya ukuta wenye picha, tai imemkaba.

Wakaanza. Shinikizo la maji: mistari miwili, wa vipimo na wa programu, imelaliana. Mwendo wa maji: imelaliana. Fimbo za katikati, joto lake linavyopanda na kushuka: imelaliana, na ukumbi ukaanza kunong'ona kwa raha, mkuu wa kitengo akaegemea kiti. Bwana Yatosha akapumua. Ikaja fimbo ya pembeni. Mstari wa programu ulifika juu kidogo ya mia tano na tisini. Mstari wa vipimo ukaupita, ukaendelea kupanda peke yake mpaka mia sita na arobaini.

Mkuu wa kitengo akaacha kuegemea kiti. Bwana Yatosha alitazama ukuta, kisha akageuka akamtafuta Mama Rudia kwa macho mpaka akampata. Mama Rudia alitamani ardhi ipasuke, lakini hakuyakwepa yale macho.

Mkaguzi alikuwa anasoma karatasi za utangulizi. Akauliza, hapa pameandikwa kwamba mtu mmoja alijitoa kwa sababu alilifahamu jibu kwa bahati mbaya. Ni nani? Mkuu akaeleza. Mkaguzi akamwomba mama asimame.

Akamuuliza kama alilijua jibu hili kabla wenzake hawajatuma la kwao. Akasema alilijua. Akamuuliza kama aliwahi kuona hesabu yao. Akasema aliiona, mlango ulikuwa wazi, na akajua papo hapo kwamba imekosea.

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia amuulize mkuu. Halafu nikaenda likizo, kwa sababu ya uso wangu."

Watu wakacheka. Mkaguzi hakucheka. Alimtazama mama, akatazama ukuta, ile mistari iliyolaliana na ule mmoja ulioachwa chini, akakaa hivyo mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Naletewa programu nyingi," alisema, "na zote zimelingana na vipimo mpaka unywele. Nikifika nyumbani najiuliza ni nani alichungulia. Nyinyi mlikuwa na mtu humu ndani anayelijua jibu, na bado mmeniletea kosa." Akafunga karatasi. "Basi haya mengine yaliyolingana nayaamini. Programu itumike, isipokuwa kwa fimbo za pembeni, mpaka mtuambie inakosea wapi. Na kulitafuta hilo kosa, nashauri apewe huyu mama. Sasa jibu liko wazi, hana cha kuogopa."

Bwana Yatosha ndiye aliyeanza kupiga makofi. Watu walipokuwa wanatoka alimfuata Mama Rudia, akamwambia kwamba atamkasirikia mpaka mwisho wa koridoni, maana siku zote zile hakulala vizuri. Walipofika mwisho wa koridoni akamuuliza waanzie wapi kutafuta, kwenye njia za maji au kwenye joto la fimbo zenyewe, na akambebea mkoba.

Mama Rudia akamwomba atangulie. Alikwenda kusimama kwenye ngazi, mahali pasipo na watu, akatoa simu. Hakumpigia binti wala mume. Alimpigia kijana, kule stoo.

Kijana akapokea kwa sauti ndogo, akauliza imekuwaje. Mama akamwambia kwamba waya wake ulisema kweli na programu ndiyo iliyodanganya, kwenye fimbo ile moja. Kijana akasema polepole kwamba kwa hiyo alimharibia mtihani wake bure, na programu yenyewe nayo imekosea.

"Ni kweli uliniharibia," Mama Rudia alisema. "Na kesho yake ukaenda getini kwenu ukasimama. Sasa nisikilize, mkwe wangu. Waambie wazazi wako waje nyumbani, tuongee mambo ya ndoa."

Upande wa pili kitu kizito kikaanguka, bolti zikatawanyika sakafuni kwa kelele, na katikati ya kelele hizo akamsikia kijana akisema ndiyo mama, ndiyo mama.